Watoto wa Tangawizi wa Mama Pindo

Jumamosi ya kuoka, Mama Pindo aliondoa mezani gauni la mteja lililokuwa bado na alama za chaki, akaokota pini moja moja na kuzichomeka kwenye kimto, akapangusa nyuzi kwa kitambaa kibichi, kisha akamwaga unga mahali pale pale alipokuwa akikatia sketi tangu asubuhi. Meza ya nyumba ilikuwa hiyo hiyo moja. Wateja wawili watatu walishawahi kurudi wakilalamika kwamba suruali zao zinanukia mdalasini, naye akawajibu kwamba hiyo ni nyongeza, wasimshukuru.

Jina la Mama Pindo alipewa na watu wa mtaani kwa sababu hakuweza kumwacha mtu apite na nguo iliyofumuka. Alikuwa anakusimamisha barabarani, anainama, anakushonea ukiwa umeivaa, nawe unabaki kumwomba Mungu sindano isiteleze. Katika maisha yake yote ya ushonaji hakuwahi kumwambia mteja kwamba nguo yake imeshindikana. Palipochanika alitia kiraka, palipobana alifumua, palipopwaya alipunguza. Tabia hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Biskuti zake zilikuwa za tangawizi, na viungo alivipima kwa pua. Aliyeyusha siagi na sukari guru kwenye sufuria ndogo, akatia tangawizi iliyosagwa, mdalasini, karafuu na pilipili manga kidogo, akaacha vipoe, ndipo akachanganya na unga na yai. Donge alilifunga kwenye kitambaa safi, akalilaza mahali penye baridi mpaka likagangamaa, kisha akalisukuma hadi likawa bapa. Hapo ndipo ushonaji ulipoingia. Wanawake wengine wa mtaa ule walikata biskuti kwa mdomo wa glasi. Mama Pindo alikata kwa violezo vya karatasi ngumu, sawasawa na anavyokata nguo, na kila mtoto wake alikuwa na kiolezo chake. Kila walipoongezeka kimo aliwapima kwa futi, akapunguza vipimo mpaka mtu mzima akaenea kiganjani, akachora kiolezo kipya na kukitupa cha zamani. Aliacha nafasi ya mshono pande zote, kwa sababu donge nalo hujikunja likipata moto, kama kitambaa cha pamba kinavyojikunja kikifuliwa.

Watoto walikuwa wawili. Kifungua mimba alikuwa kijana mrefu, shingo ndefu, bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia, na biskuti yake ilikuwa hivyo hivyo. Kitinda mimba alikuwa binti mfupi aliyekatwa akiwa ameshika kiuno, maana hakuna aliyewahi kumwona akisimama namna nyingine. Huyu hakuwa mtu wa kuchekacheka. Mjomba wake alizoea kusema kwamba ukitaka kuyaona meno ya binti huyo, msubiri apige mswaki.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa Mama Pindo, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka vijana ng'ambo, kufanya kazi katika nyumba na mabohari ya watu. Baba wa watoto alipofariki, Mjomba ndiye aliyeezeka nyumba, ndiye aliyewasimamia watoto shuleni, ndiye aliyekuja kuketi kwenye kiti kile cha karibu na dirisha ili dada yake asijione mpweke. Mama Pindo hakuwa na la kumnyima mtu wa namna hiyo. Aliposema kwamba kifungua mimba amepata nafasi katika bohari moja huko ng'ambo, mkataba mfupi tu, kijana alifunga begi lake. Kesho yake baada ya safari, Mjomba alileta oveni ya umeme ikiwa bado ndani ya boksi. Aliichomeka mwenyewe ukutani na kusimama pembeni mpaka taa yake nyekundu ikawaka.

Tangu kijana asafiri, biskuti yake haikuliwa. Mama Pindo aliihifadhi kwenye kopo la vifungo, na kila Jumamosi ya kuoka ilipofika aliikuta imesagika yenyewe ikawa unga mkavu, akaukusanya na kuurudisha kwenye donge jipya. Hivyo kifungua mimba aliendelea kuwa kijana yule yule, akiokwa upya.

Mara ya kwanza mambo kwenda kombo ilikuwa viatu. Mama Pindo alikuwa ameviandika kwa ncha ya uma kama kawaida, kamba na soli, lakini trei ilipotoka kijana alikuwa peku, na vidole vyake vyote vya miguu vilionekana. Mama Pindo alivaa miwani, akavitazama. Akakoroga sukari ya unga kwa ute wa yai, akaitia kwenye kipembe cha karatasi chenye tundu nchani, akamvisha kijana viatu vyeupe mpaka kwenye kifundo. Baada ya muda kijana alipiga simu. Tajiri wake huko alimruhusu kuongea mara chache, kwa simu ya mtu mwingine, na kwa haraka.

"Viatu vyangu vilichukuliwa," alisema, "lakini nimekuta vingine chini ya kitanda. Ila vinanibana, mama."

"Vinabana wapi, kisiginoni au mbele?"

"Mbele."

"Haya. Nimekuelewa."

Jumamosi iliyofuata alivipanua mbele.

Halafu ukaja mkono. Safari hii biskuti ilitoka na mkono wa kulia umepasuka juu kidogo ya kiganja, umening'inia kwa uzi wa sukari guru. Mama Pindo aliogopa kuugusa. Alimwita jirani yake, muuguzi wa zahanati, ambaye alikuja akiwa na sare yake ya kazi, akanawa mikono kwanza, akainama juu ya trei.

"Umevunjika mfupa mmoja, ule mwingine mzima," alisema muuguzi. "Una kiberiti?"

"Kipo."

"Nipe njiti mbili. Kata vile vichwa, visimuunguze."

Waliufunga mkono kwa njiti mbili na kuuzungushia sukari nzito, duru kwa duru, mpaka ukawa kama mkono uliotiwa plasta. Muuguzi alisema usitikiswe mpaka uunge, akapewa biskuti za kawaida kwenye mfuko, akarudi kazini. Baada ya wiki kadhaa simu ikaja. Kijana alisema aliangukiwa na makasha, mkono ukavunjika, akaambiwa aendelee kubeba kwa ule mwingine. Hakupelekwa kwa daktari. Lakini mkono umeunga wenyewe, umenyooka, na kwa muda wote ule ulikuwa ukinukia karafuu.

Mama Pindo alikaa chini na kulia kwa furaha. Alikuwa hajawahi kujiona ana uwezo mkubwa kiasi hicho, na furaha ile ilimlevya. Tangu siku hiyo alimwoka mwanawe kwa kufunga kibwebwe. Kijana akitoka amekonda, alimnenepesha donge. Akitoka na alama za mijeledi mgongoni, alizipaka asali kwa unyoya. Na kila alipomaliza kutengeneza alijisikia kama amemaliza jambo, akafunika kopo, akarudi kwenye cherehani.

Kitinda mimba, ambaye wakati huo alikuwa akijifunza kushona kwa mama yake, alikuwa akitazama haya yote akiwa ameshika kiuno.

"Mama," alisema siku moja, "hizi alama za mgongoni nani anazitia?"

"Si unaona nimezipaka asali?"

"Sijauliza nani anazipaka asali."

Mama Pindo alijifanya hamnazo, akaomba apewe mkasi.

Mkataba wa kijana ulikwisha, na hakurudi. Jumamosi ya kuoka iliyofuata biskuti zote zilibanduka kwenye trei bila taabu isipokuwa ya kwake. Trei ilikuwa imepakwa siagi vizuri, pembe hadi pembe. Mama Pindo alipitisha kisu chembamba chini ya kichwa, chini ya kiuno, vikaachia. Miguu ikakataa. Ilikuwa imeshikana na bati kana kwamba imechomelewa, na alipojaribu kuinyanyua kwa nguvu kidogo, ilitoa mlio wa kutaka kukatika. Akaacha.

Siku hiyo Mjomba alikuwepo, kwenye kiti chake cha dirishani. Hakuwa mlaji wa biskuti nzima. Alipenda vile vipande vya pembeni vinavyobaki baada ya kukata, ambavyo dada yake alimwokea pamoja na zile nyingine na kumwekea kwenye kisahani chake. Kitinda mimba aliichukua trei nzima, ingali na moto, akaishikilia kwa matambara mbele ya Mjomba.

"Shikamoo, mjomba. Kaka hatoki hapa."

"Marahaba." Mjomba aliitazama trei, akapuliza chai yake. "Hatoki kwa sababu pasipoti yake iko kwa tajiri. Pasipoti za wote ziko kwa tajiri, ndivyo wanavyofanya kule. Halafu mimi nilikwisha kubali aongezewe muda."

"Ulimwuliza?"

"Nani? Yeye? Ningempata wapi nimwulize, na simu hana?"

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza kwa nini basi limechelewa. Mama Pindo alisimama katikati yao akiwa na kisu mkononi. Alighadhibika moyoni, na hasira ile ilimtisha zaidi kuliko habari yenyewe, kwa sababu alikuwa hajawahi kumkasirikia kaka yake.

"Kaka," alisema, "nakuomba unirudishie mtoto wangu."

"Dada, nikimtoa yule leo, kesho wote watataka kutoka. Watu wa kule wataniamini tena? Na mtaani hapa nitamtazama nani usoni?" Aliweka kikombe chini taratibu. "Hebu fikiri. Kuna wazazi wangapi hawajui hata kama watoto wao wamekula? Wewe unamvisha, unamtibu, unamnenepesha, na hujatoka jikoni kwako. Kwani amekosa nini ambacho hukumpa?"

Ubaya wa maneno yale ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Mama Pindo aliinama, akakata kipande cha bati kuzunguka miguu ya kijana kwa mkasi mzito wa kukatia makoti, akamwingiza ndani ya kopo la vifungo akiwa amesimama juu ya kibati chake. Mjomba aliomba kisahani chake kiongezwe.

Kitinda mimba hakulisahau jambo lile. Alizunguka nyumbani amenuna, akashona mikono ya mashati kinyumenyume, akafumua, akashona tena. Mjomba alipokuja kusema kwamba tajiri yule yule anatafuta msichana wa kazi za nyumbani, binti alijibu kabla mama yake hajafungua kinywa.

"Nitaenda mimi."

"Hujakomaa," alisema Mama Pindo.

"Nitaenda nimbandue mwenyewe, mama. Wewe unambandua kwa kisu cha siagi muda wote huu, amebanduka?"

Mjomba alicheka, akasema hakuna ubaya ndugu kukaa nyumba moja, watatunzana. Mama Pindo angeweza kukataa. Alikuwa na sauti, na nyumba ilikuwa yake, ingawa bati la paa si lake. Lakini alifikiri: kama nilimvusha yule na mkono uliovunjika, huyu nitashindwaje? Alikata shauri usiku huo huo bila kumwambia mtu. Asubuhi alimsimamisha binti yake penye mwanga, akampima upya, mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, mzingo wa kichwa. Alipokata kiolezo aliacha nafasi ya mshono mara mbili ya kawaida, ili chochote kitakachomkuta kiishie kwenye ile ziada.

Binti aliondoka na begi la kaka yake la zamani. Mlangoni hakulia wala hakucheka. Alimshika mama yake mkono, akasema, "Usinitengeneze sana."

Mama Pindo aliyasikia maneno hayo, akayachukulia kuwa ni ukaidi wake wa siku zote.

Jumamosi ya kwanza kitinda mimba alitoka salama, ameshika kiuno. Ya pili vilevile. Ya tatu mikono ilikuwa imeondoka kiunoni, imelala ubavuni, na Mama Pindo akadhani ni ukandaji. Ya nne alifungua oveni, mvuke wa tangawizi ukampiga usoni, akapangusa miwani, akaona kwamba biskuti ya binti imetoka na kinywa wazi. Kwa kawaida kinywa kilikuwa mstari alioupitisha mwenyewe kwa sindano kabla ya kuoka. Hiki kilikuwa tundu, kimeachama kutoka pua hadi kidevu, kirefu kuliko macho, na ukikitazama kwa juu uliona bati la trei chini yake. Hakikutoa sauti yoyote. Miguu, bila shaka, ilikuwa imeshikana na trei.

Mama Pindo aliketi. Alijua kinywa kile kinafanya nini. Kila mzazi angejua. Alitamani kutoka hivyo hivyo na aproni yake, aende akasimame mbele ya mtu, amwambie. Lakini mtu wa kwenda kumwambia alikuwa Mjomba, na Mjomba alikuwa chumba cha pili, akingoja vipande vyake. Mikono ya Mama Pindo ikaanza kufanya kazi iliyoizoea. Ilivunja yai, ikatenga ute, ikachekecha sukari. Ilijaza tundu lile kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka likawa sawa na uso. Kisha, kwa kuwa kinywa kisichokuwa na umbo kilikuwa kikitazamika vibaya, alichora juu yake midomo na kuikunja ncha zote mbili kwenda juu.

Sukari ilipokauka simu iliita.

"Hujambo mama," alisema kitinda mimba, akicheka.

"Sijambo mwanangu. Kuna nini huko?"

"Hapa pazuri, mama. Pazuri sana." Akacheka tena, cheko jembamba lenye meno, ambalo halikuwahi kusikika ndani ya nyumba ile.

"Nilikuona umefungua kinywa. Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Hapa pazuri sana."

"Umemwona kaka yako?"

"Nimemwona. Pazuri," alisema binti, na kicheko kikawa kinamtoka bila nafasi ya kuvuta pumzi, kikapanda, kikashuka, kikapanda. Simu ilikatika akiwa bado anacheka.

Mama Pindo alichukua kisu kile chembamba na kujaribu kuikwangua sukari. Ilikuwa imekamata kama ukuta. Alipokaza, ufa ulitokea shavuni ukaelekea jichoni, naye akaacha kisu, kwa maana kuikwangua midomo kulikuwa ni kukwangua uso. Alijaribu kuilainisha kwa maziwa ya moto. Maziwa yalichirizika kidevuni na midomo ikabaki pale pale. Alilia kwa kunyamaza, akiwa amesimama, na machozi yalipodondokea unga uliobaki mezani aliyapangusa pamoja nao.

Mjomba alikuja kusimama mlangoni na kisahani chake. Alimtazama dada yake, akaitazama trei.

"Unaona?" alisema kwa upole. "Yule ambaye hakuwahi kucheka."

"Anacheka," alisema Mama Pindo.

Habari haikukaa ndani. Kabla ya mwisho wa mwezi mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba watoto wanaopelekwa ng'ambo na Mjomba wana fundi wao huku nyuma, anayewaunga wakivunjika. Wazazi waliokuwa wakisitasita walipata moyo. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyekuja kwanza, Jumamosi mchana, bado na sare yake ya kazi, akimshika mkono binti yake aliyekuwa amemaliza shule. Nyuma yao, kwenye ngazi, walisimama watu wengine na watoto wao, wakinyoosha shingo kutazama ndani.

"Mama Pindo," alisema muuguzi, "huyu wangu ana kifua kibovu, baridi kidogo tu anakohoa. Utaweza kumwachia nafasi hapa mbele?"

Mama Pindo alimtazama jirani yake. Kulikuwa na neno alilotaka kumwambia, fupi tu, na alilifikisha mpaka mdomoni. Kutoka kwenye kiti cha dirishani Mjomba alikuwa akiwaangalia wote kwa macho ya mtu aliyeridhika. Juu ya rafu, ndani ya kopo la vifungo, ambamo sasa kitinda mimba alisimama kando ya kaka yake, mtu aliyekaa kimya angeweza kusikia kicheko chembamba, na hakuna aliyekisemea lolote, kwa kuwa wote walikuwa wamekwisha kukizoea.

Akavua futi shingoni.

"Sogea penye mwanga, mwanangu," alimwambia binti wa muuguzi. "Simama wima. Usiniinulie mabega."